Nyayo za Laetoli Ndani ya Boma

Miaka ya 1990 Olasiti, kwetu Arusha, ilikuwa bado shamba. Ulipita migomba, mahindi na kahawa ya Burka ndipo ufike barabara kuu. Kiangazi vumbi la udongo wa volkano lilitufika magotini, nasi wanafunzi tulilikanyaga peku kwenda shule.

Darasani tulikariri kwamba binadamu alitokana na sokwe. Tuliandika hivyo kwenye mtihani, na Jumapili kanisani tukanyamaza. Kisha mwalimu akatupeleka mjini, Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900.

Mwenzetu mmoja alimwamkia mama aliyetuongoza, kisha akauliza, "Mama, kwani babu zetu walikuwa nyani?"

Mama yule hakubishana naye. Alitupeleka kwenye nakala ya nyayo za Laetoli. "Haya wanangu, tazameni kidole gumba. Cha sokwe kimejitenga, kinashika tawi. Hiki je?" Tukainama. Kilikuwa sambamba na vingine, kama vyetu.

Akatueleza kwamba volkano ilimwaga majivu, manyunyu yakayalowesha, zamadamu wakapita, majivu yakakauka na kuwa magumu, kisha mengine yakayafunika kwa miaka milioni 3.6, hadi timu ya Mary Leakey ilipozifukua nyayo hizo mwaka 1978. Sisi wa Olasiti hatukuhitaji maelezo zaidi. Tulijua vumbi letu linavyotunza unyayo baada ya manyunyu.

Kwenye nakala ya fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, alitushangaza zaidi. "Huyu si babu yenu," alisema. Aliishi zama moja na Homo habilis, akiwa na magego makubwa ya kutafunia, lakini ukoo wake ulikatika. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa mageuko ni matawi mengi, na mengi yamekauka. Nikaelewa pia kuwa miguu ilitangulia: zana za mawe za Olduvai zilikuja zaidi ya miaka milioni moja baada ya nyayo zile, na ubongo mkubwa ukachelewa zaidi.

Jioni nilimsimulia bibi habari za nyayo kubwa na ndogo zilizoandamana. Hakunikemea. Aliuliza tu, "Na yule mdogo, alikuwa mwana wa nani?" Swali kama hilo darasani hatukuwahi kuliuliza, maana tulipewa jibu kabla ya ushahidi. Makumbusho yalituonyesha ushahidi kwanza, kwa Kiswahili, yakatuacha tufikiri.

Nyayo zenyewe zilifukiwa tena ili mvua na mizizi ya miti isiziharibu. Kwa Watanzania wengi, nakala ndiyo njia pekee ya kuziona. Mzazi wa Olasiti, siku moja ya likizo panda daladala na wanao, uwapeleke Boma. Wakiuliza, usiwakatize.