Mapenzi ya Saa ya Jina Moja

Mpenzi msomaji, hebu tazama mkononi mwako. Ikiwa umevaa saa, je, uliinunua kwa sababu unaijua, au kwa sababu jina lake linatamkwa na wenye fedha? Mimi ni mkazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na kwa zaidi ya miaka thelathini sijavaa saa nyingine ila Seiko 5. Ninazo sita. Wapo waniitao bahili, na wapo wasemao kuwa kupenda jina la kiwanda ni upuuzi. Leo nataka tulizungumze jambo hili, kwa maana halihusu saa peke yake.

Kwanza nikujulishe mpinzani wangu. Nina ami yangu anayeishi Maskati, Oman, ambako, kama ujuavyo, Kiswahili husikika katika nyumba nyingi. Yeye ni mtu wa Rolex, na hataki kusikia jina jingine. Atakueleza jinsi Hans Wilsdorf alivyoianzisha biashara ile mjini London mwaka wa 1905, kisha akahamia Geneva, na jinsi saa ya Oyster ya mwaka wa 1926 ilivyofungwa barabara maji yasipenye. Atakueleza pia kuwa Sultani Qaboos, aliyetawala Oman tangu 1970 hadi alipofariki mwaka wa 2020, alikuwa akitunuku watu Rolex zenye alama ya jambia usoni. Leo saa moja ya namna hiyo yaweza kuuzwa kwa bei ya gari. Ami hana ya jambia. Anazo tisa nyingine, na nane kati yake hulala ndani ya sefu.

Zangu hazilali. Seiko 5 ilitoka Japani mwaka wa 1963, na ile tano ni ahadi tano: hujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe hukaa katika dirisha moja, hustahimili maji, kitufe chake kimejificha penye namba 4 kisichubue mkono, na kasha na mkanda wake ni imara. Haihitaji betri. Ndiyo maana makarani, walimu na mabaharia waliipenda.

Labda utaniuliza, uaminifu huu una faida gani? Faida yake ni ujuzi. Geuza Seiko ya zamani utazame mgongoni. Tarakimu ya kwanza ya namba yake ya mfululizo ni mwaka, na ya pili ni mwezi. Ile ya marehemu baba ilianza na 8 na 5. Kwa kuwa aliivaa tangu nilipokuwa shule ya msingi, nilijua kuwa ni ya Mei 1978, wala si ya 1988. Aidha, namba nne za mwanzo za aina ya saa, zilizochongwa mgongoni, aghalabu huonekana tena kwa herufi ndogo mno chini ya uso. Zikitofautiana, shuku kuwa umeuziwa uso wa saa hii na mwili wa nyingine. Wachuuzi wa saa zilizopakwa rangi upya hawampendi mtu ajuaye hayo.

Tena yuko fundi. Fundi saa wangu ana meza yake kichochoroni, si mbali na Ndia Kuu. Chini ya meza ana kopo lililojaa Seiko zilizokufa, na kifaa kikivunjika hukitoa humo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami naamini walimaanisha hivi: kitu ukijuacho, na mtu akijuaye, ni mali. Kiwanda chenyewe hakinijui. Mwaka wa 2019 kilipoibadili Seiko 5 na kuipandisha bei, sikukimbilia dukani.

Sasa msomaji, sikiliza mtihani ulionifika. Saa ile ya baba ilikuwa na desturi yake. Siku zake ziliandikwa kwa Kiarabu, naye aliitia majira ya Kiswahili: saa moja asubuhi akrabu fupi ilisimama kwenye 1, si kwenye 7. Kwa hivyo siku na tarehe zilibadilika magharibi, jua linapotua, kama siku ya Kiislamu inavyoanza. Ami alipokuja kututembelea na kuiona, alinyamaza kwa muda mrefu. Aliondoka Mombasa akiwa kijana, na hakuwa na kumbukumbu yoyote ya nduguye. Kisha akavua Rolex yake ya dhahabu, akaiweka juu ya meza.

"Mwanangu," akasema, "nipe ya ndugu yangu, uchukue hii."

Ninaye binti chuo kikuu. Rolex ile ingalimlipia karo hadi amalize, na chenji ingalibaki. Mama watoto alinitazama, akauliza kwa upole, "Na karo je?" Lilikuwa swali la haki, na sikulala usiku ule.

Asubuhi nilimpa ami saa ya baba, na Rolex nikamrudishia. Baba hakuniachia saa ile niifanyie biashara, na ndugu hauziwi cha nduguye. Karo tunailipa kidogo kidogo, kama tulivyokuwa tukiilipa. Si rahisi, na mama watoto hunikumbusha kila muhula unapofunguliwa.

Lakini tangu hapo ami huja kila mwaka msimu wa kaskazi. Huja na Seiko mkononi, kwa kuwa anasema hajapata Maskati fundi anayeifungua kama wa kwetu. Rolex zote tisa sasa zimo sefuni.

Basi kijana unayesoma, usinunue saa ili jina lake likutambulishe. Chagua moja inayolingana na mfuko wako, uijue mgongo na tumbo, na umjue fundi wake. Fundi wangu ameanza kutetemeka mikono, na hana mwanafunzi hata mmoja. Je, wewe saa yako ataivaa nani baada yako, na nani atakayeitengeneza?