Mke Aliyetupa Ungo

Katika hadithi zote za mwandishi wa China, Pu Songling, inayonisumbua zaidi ni ile ya msomi aitwaye Ye. Ye anaanguka mtihani wa serikali wa kupata cheo na kuugua. Kisha anafuatana na mkuu wa wilaya aliyemthamini, anamfundisha mwana wa mkuu huyo hadi anafaulu, na mwishowe yeye naye anafaulu. Anarudi kwao kwa fahari. Mkewe anatoka na ungo mkononi, anamwona, anautupa na kukimbia. Mume amekufa siku nyingi. Jeneza lake bado limo ndani, umaskini umezuia maziko. Ye hakujua. Analitazama, anatoweka, na zinabaki nguo tu.

Pu aliyajua maumivu hayo. Alizaliwa Shandong mwaka 1640, na mwaka 1658 akaongoza mtihani wa ngazi ya chini. Ule wa mkoa, uliofanyika kila baada ya miaka mitatu, hakuupita kamwe. Mwaka 1687 aliondolewa kwa sababu aliruka ukurasa katika karatasi ya majibu. Riziki yake ikawa kufundisha watoto wa tajiri, miaka kama 30, mbali na mkewe.

Wapo wasemao kwamba kuanguka huko ndiko kulikotupa hadithi zake karibu 500. Faraja hiyo siikubali. Yeye alikitaka cheo, na kukikosa kulimuuma hadi uzeeni.

Mkewe, wa ukoo wa Liu, aliliona hilo. Pu alipovuka miaka hamsini, mkewe alimwambia aache mitihani: kama cheo kingekuwa fungu lake, angekwisha kukipata, na maisha ya kijijini nayo yana raha zake. Nasoma maneno hayo namkumbuka yule wa ungo. Kuna tamaa zilizokufa zamani nasi bado tunazitumikia, na anayeishi nasi ndiye anayeliona jeneza. Mimi pia huyasikia maneno ya namna hiyo kama ya kunivunja moyo, wakati msemaji ananihurumia.

Mama huyo alifariki mwaka 1713, miaka miwili kabla ya mumewe. Pu mwenyewe ndiye aliyeandika habari za mkewe, akakiri kwamba mama huyo alisema vyema. Halafu akaongeza kwamba wana na wajukuu walipoingia kwenye mtihani, moyo wake ulianza tena kutumaini, ilhali mkewe hakujali. Nampenda Pu zaidi kwa kuliandika hilo, maana angeweza kulificha.