Skryne, Kilima cha Sanduku Takatifu

Katika wilaya ya Meath, nchini Irlandi, kuna kijiji kidogo kiitwacho Skryne, juu ya kilima kisichofika kilometa 50 kutoka Dublin, mji mkuu. Tusikiite mlima, milima ya Kivu ingekicheka. Lakini nchi ikizungukayo ni malisho tambarare ya ng'ombe, hata mnara wa kanisa la kale uliojengwa kileleni katika karne ya 15 waonekana toka mbali. Kanisa lenyewe ni magofu. Kando yake mna makaburi, nyumba chache, na nyumba ya bia iliyo karibu na mnara kuliko mapadri wengi wangalivyopenda.

Zamani za upagani kilima kiliitwa Acaill. Hadithi za kale zasema kwamba hilo lilikuwa jina la binti wa mfalme, aliyekufa kwa uchungu ndugu yake Erc alipouawa.

Jina la sasa limetokana na neno la Kilatini scrinium, maana yake sanduku. Nalo sanduku lilikuwa la Mtakatifu Columba, ambaye Wairlandi humwita Colm Cille, yaani Njiwa wa Kanisa. Mwaka 563 alivuka bahari, akajenga monasteri katika kisiwa cha Iona, Uskoti, akafa huko mwaka 597. Karne mbili zikapita, wakaja Waviking, wanyang'anyi wa baharini. Mwaka 806 waliwaua watu 68 wa Iona. Mwaka 878 sanduku la masalia ya mtakatifu likakimbizwa Irlandi, na hatimaye likapata makao kilimani hapa. Hata huko halikustarehe: mwaka 1127 watu wa Dublin waliliteka, wakalirudisha baada ya mwezi mmoja. Leo sanduku halipo tena Skryne; limebaki jina, na kanisa la parokia liitwalo kwa jina la Colm Cille.

Ng'ambo ya bonde la mto Gabhra chasimama kilima cha Tara, kiti cha wafalme wakuu wa Irlandi ya kale. Vilima hivi viwili vyatazamana kama wazee wawili barazani. Basi serikali ikakusudia kupitisha barabara kuu, M3, katika bonde lililo kati yao, nayo mabishano yakawa makali. Wengi wa Meath hufanya kazi Dublin, na barabara ya zamani ilijaa magari asubuhi na jioni; ni nani atakayemlaumu baba atakaye kufika nyumbani watoto wake wangali macho? Wengine walijibu kwamba Tara si kilima tu, bali ni pamoja na bonde lake.

Mwaka 2007, kazi ikiendelea, yalionekana huko Lismullin mashimo ya nguzo za miti zilizopangwa duara lenye upana wa meta 80 hivi, kazi ya watu walioishi karne kadhaa kabla ya Kristo. Wataalamu wakachimba, wakapima, wakaandika yote. Kisha barabara ikapita juu yake. Ilifunguliwa mwezi wa Juni 2010. Sisi twaona kwamba njia nyingine ingalitafutwa kwa bidii zaidi, ijapokuwa ingaligharimu fedha na miaka. Siku hizi asimamaye mnarani pa Skryne aiona Tara kama zamani, na chini bondeni magari yakienda Dublin.