Kiwanja Kilichogeuka Barabara

Mgeni apitaye Barabara ya Mfalme Abdulaziz mjini Sharjah, katika nchi za Ghuba, haoni ila magari, maduka na majumba marefu. Ni wachache wajuao kwamba lami ile imelazwa juu ya kiwanja cha ndege cha zamani. Nami nisingalijua, lau si jamaa yetu mmoja aliyehamia huko kutuongoza, mimi na mwanangu, hata tukafika penye ngome yenye mnara iitwayo Al Mahatta, maana yake Kituo.

Khabari yake ni hii. Katika mwaka wa 1932 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilikuwa likichukua abiria na barua baina ya London na Bara Hindi. Ndege za siku zile hazikuweza kwenda masafa marefu bila ya kutua, na ruhusa ya kupita pwani ya Uajemi ilikuwa imekwisha. Ikabidi itafutwe njia ya upande wa Waarabu. Mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Saqr Al Qasimi, akaafikiana nao, ikajengwa ngome hiyo ili wasafiri wapate pa kulala kwa amani. Tarehe 5 Oktoba 1932 ikatua ndege ya kwanza, jina lake Hanno, nayo ilikuwa ya mabawa ya tabaka mbili na mashine nne. Kutoka hapo safari ilielekea Gwadar, mji uliokuwa chini ya Sultani wa Oman hadi 1958, kisha Karachi.

Mwaka wa 1977 ulifunguliwa uwanja mpya nje ya mji, na ule wa zamani ukafungwa. Mji ukakua, ukameza njia ya kurukia. Ngome ikasalia, na mwaka wa 2000 ikafanywa nyumba ya makumbusho. Ndani ya banda kubwa zimewekwa ndege za kale zilizotengenezwa upya, miongoni mwao DC-3, aina iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1935.

Kuhifadhi ndege si kazi nyepesi. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula madini kidogo kidogo pasipo mtu kuona. Jua nalo hukausha mipira na kuozesha vitambaa vilivyovikwa mabawa ya ndege za zamani. Kwa hiyo ndege ikiachwa nje huonekana nzima, kumbe inakufa. Hutakiwa paa, kusafishwa na kukaguliwa daima, na mafundi waijuao kazi ambayo haifanywi tena.

Mwanangu alizunguka banda zima, kisha akaniuliza, "Baba, na ile Hanno yenyewe i wapi?"

Nikamjibu kwamba haipo. Ndege za aina ile zilitengenezwa 8 tu, na hata moja haikubaki. Mwenzake Hannibal ilipotea juu ya Ghuba ya Oman mwezi wa Machi 1940, pamoja na watu 8 waliokuwamo. Hanno iliharibiwa na dhoruba huko Uingereza mwezi ule ule.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na dira ya babu, ile aliyokuwa akiisafiria huku kwa jahazi?"

Wasomaji, swali hilo lilinichoma. Babu yake alikuwa nahodha, akija Ghuba kwa pepo za kusi na kurejea Mombasa kwa kaskazi. Dira yake ya shaba ilikaa kabatini kwetu miaka mingi. Siku moja tulipokuwa tukisafisha nyumba nikampa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, akaipima kwa ratili. Dira ile haikupotezwa na dhoruba. Niliipoteza mimi kwa mkono wangu.

Tuliporudi tulifungua sanduku lililobaki. Tukapata daftari la hesabu za jahazi, limeliwa na mchwa pembeni. Mwanangu ameliweka mahali pakavu, na juu yake ameandika jina la babu yake na jina la chombo chake. Basi nanyi, kabla hamjaita mnunuzi wa vikuukuu, waulizeni wazee wenu kila kitu kilikuwa cha nani na kilifika wapi.