Kunakili Uso wa Ayuba Suleiman

Karibu na Trafalgar Square, London, pana jumba liitwalo National Portrait Gallery. Humo ndimo nilimoiona picha ya Ayuba Suleiman Diallo, iliyochorwa kwa rangi za mafuta na William Hoare mwaka wa 1733. Mamlaka ya Makumbusho ya Qatar iliinunua mwaka wa 2009, kisha ikaliazima jumba hilo.

Ayuba, hafidhi wa Bundu, katika Senegal ya leo, alikuwa ameuzwa utumwani Maryland. Alipofikishwa Uingereza, aliandika misahafu mitatu kwa hifadhi ya moyoni. Yasimuliwa kwamba alitaka achorwe kwa mavazi ya kwao. Mchoraji akasema hawezi kuchora nguo asizopata kuziona. Ayuba akamwuliza: mbona wachoraji humchora Mungu, ambaye hakuna aliyemwona? Basi akachorwa na joho jeupe, kilemba, na msahafu shingoni.

Tangu kustaafu najifunza uchoraji kwa kuinakili picha hiyo. (Wapo kwetu wasioridhia sanamu, sibishani nao.) Jumbani natumia penseli tu, rangi nazitia nyumbani. Kwanza napaka vivuli kwa hudhurungi nyepesi, nangoja siku kadhaa ikauke, ndipo nianze ngozi, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la juu sharti liwe na mafuta zaidi, ama sivyo picha hupasuka. Ngozi nyeusi haitoki katika rangi nyeusi tupu. Hutaka hudhurungi, wekundu, na buluu kidogo. Joho limenichukua majuma mengi. Macho bado: yanamtazama mtu sawa kwa sawa, na hilo halinakiliki upesi.