Basi lisilo na dereva, lenye watu wawili

Ndugu zangu,

Huku Fife, Scotland, baridi imeshaanza kung'ata masikio. Leo nilitaka kuwalilia baridi kama kawaida yangu, lakini kuna video imezunguka wiki nzima kwenye kundi letu la familia: gari la Marekani linatembea lenyewe, usukani unajizungusha, kiti cha mbele hakina mtu. Chini yake shemeji kaandika, "Wazungu wamemaliza." Jioni mtoto wa dada yangu, suka wa daladala kule Mbagala, akanitumia sauti ya dakika tatu: "Shikamoo mama mdogo. Haya magari yakifika Bongo, sisi tutakula wapi?"

Marahaba, mwanangu. Kaa kitako nikusimulie, maana mimi la kujiendesha nimelipanda.

Lilikuwa basi, tena basi zima, siyo kigari cha maonyesho. Mwezi Mei 2023 yaliingia barabarani mabasi matano ya njia ya AB1, kutoka kituo cha Ferrytoll upande wetu huu wa Fife, yakivuka daraja la Forth Road, mpaka Edinburgh Park. Ni maili 14, kama kilomita 22, na kwenye barabara kuu yalifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Nilikaa kiti cha mbele kabisa kama mtoto. Pale darajani usukani unajisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, na dereva kainua mikono, vidole viko karibu nao bila kuugusa, kama mtu anayeota moto.

Ndiyo, dereva. Sheria haikuruhusu kiti kile kibaki kitupu. Na hakuwa peke yake! Kulikuwa na mwingine wa sare anayepita katikati ya viti, anashughulika na tiketi, anajibu maswali ya wazee. Cheo chake kapteni. Hapo nikacheka mpaka jirani yangu akanigeukia. Basi la kawaida la huku lina mtu mmoja tu. Ndiye anayeendesha, ndiye anayepokea nauli. Hili la kujiendesha limerudisha konda!

Wakati wa kushuka kila abiria husema asante kwa dereva, ndiyo desturi ya huku. Bibi mmoja mbele yangu alimshukuru dereva, akamshukuru kapteni, kisha akalipiga basi lenyewe kofi mbili za upole ubavuni, kama anayempongeza ng'ombe wake.

Lakini kilichonikaa kichwani siyo ule usukani. Ni maswali yaliyoulizwa kabla. Mradi wa mabasi haya ulitangazwa 2018, abiria wa kwanza akapanda 2023. Na katika miaka hiyohiyo, Tume ya Sheria ya England na Wales pamoja na ile ya Scotland zilikaa na jambo moja kuanzia 2018 hadi Januari 2022, zikaomba maoni ya watu mara tatu: gari likijiendesha likagonga mtu, anashikwa nani? Sheria ikapitishwa Mei 2024. Inasema kwamba gari lililoidhinishwa likiwa linajiendesha, aliyekaa kwenye kiti hashtakiwi kwa namna lilivyokwenda. Inajibu kampuni iliyoliombea kibali. Aliyekaa kitini anabaki na jukumu la bima yake na mikanda ya watoto. Tena inasema ni kosa la jinai kuuza gari kwa kulisifu kwamba linajiendesha wakati halina kibali hicho. Na bado hawana haraka, sheria nzima inategemewa kuanza kazi nusu ya pili ya 2027.

Sasa sisi. Kwetu gari hutembea kwanza, mwenye kosa tunamtafuta likishalala mtaroni. Suka keshakimbia, tajiri simu haipatikani, na tunaambiwa breki zilifeli, kana kwamba breki zina akili na siku hiyo ziliamua kugoma. Huku wanauliza kabla, sisi tunauliza msibani. Na msijitoe, abiria! LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wakilazimisha kifaa cha kufuatilia mwendo kwenye mabasi ya mikoani, ni nani wanaonung'unika kwamba basi linatambaa? Ni nyinyi, tena mkiwa na watoto mapajani. Nawapenda, lakini hapo mnanikera.

Mwanangu, daladala usiuze. Ila jua kwamba huo ujuzi wa gari kujiendesha umeanza kuingia huko kwa mlango wa nyuma. Magari mengi yaliyotumika Japani, ya kuanzia 2015 hivi, yana kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele na mengine rada nyuma ya nembo. Basi waambie wenzako: kioo kikibadilishwa, kamera irekebishwe upya kwa kipimo, siyo kwa macho ya fundi. Stika ya "Mungu Mwema" ibandikeni nyuma, Mungu ataiona. Ngao ya chuma mbele ya rada ni kulifumba gari jicho. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, msiizibe kwa utepe mweusi. Na gari lile linalovuta usukani lirudi kwenye mstari linahitaji mstari wenyewe uwepo. Kwenye barabara zetu ambazo rangi imefutika, lenyewe halina habari. Usilale ukalitegemea.

Nikamrudishia suka wetu haya yote kwa sauti, nikamalizia kwamba mabasi yale yalisimamishwa Februari 2025. Akanipigia kuuliza kwa nini, yaligonga? Nikamwambia hapana, abiria hawakutosha. Yalipangwa kubeba hata watu 10,000 kwa wiki.

Kimya kidogo. Halafu nikasikia anacheka, nyuma yake konda wake anaita Kariakoo, Kariakoo, wawili wa mwisho.

"Mama mdogo, miaka yote hiyo wanaulizana nani ashikwe, hakuna aliyekwenda kusimama kituoni asubuhi akahesabu vichwa?"