Mgeni Asiyejua Jembe

Wahenga walinena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika tarakilishi yangu ya Mac anaishi mgeni asiyejua jembe: Windows, ndani ya mashine ya kidhahania. Nilimkaribisha kwa kuwa programu ninayochanganulia matini haikuundiwa Mac.

Mgeni huyu ni mlafi. Katika gigabaiti 8 za kumbukumbu, hutwaa 4, mwenyeji akabaki akitweta. Mac zilipoanza kutumia vichakataji vya Intel mwaka 2006, angalau wawili hao walisikilizana kwa lugha moja ya mashine. Tangu mwaka 2020, Mac zilipoanza kuhamia usanifu wa ARM, amri za programu kongwe za Windows hazina budi kutafsiriwa kwanza. Sisi wanafunzi wa tafsiri huuliza daima kipoteacho njiani. Hapa si maana, ni muda.

Ningemfukuza, lakini maelezo niliyoambatisha kwa kila sentensi ya data yangu yamehifadhiwa katika umbo lisomwalo na programu hiyo pekee. Mgeni ameshika ufunguo wa ghala langu. Wanaisimu wenzangu, tudai programu zinazohifadhi matini katika umbo lililo wazi kwa kila mashine. Lugha ni yetu sote. Haifai ghala lake kufunguliwa kwa hisani ya mpita njia.